Nihamie chuo kikuu kusomea unesi, au nisubiri nafasi hapa komyuniti koleji?

Mama, shikamoo.

Safu hii naisoma tangu nikiwa nyumbani Tanga, na leo zamu ya kuandika imenifikia mimi. Naomba jina lisitoke, maana Watanzania wa hapa Houston tunajuana, na huko nyumbani ndiyo usiseme.

Nina miaka 31. Nilikuja Marekani mwaka 2019 pamoja na mume wangu, baada ya kushinda bahati nasibu ya green card. Tuna binti mmoja wa miaka mitano. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, kwa mwezi anakuwa nyumbani siku nne au tano. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee. Naingia saa tano usiku natoka saa moja asubuhi, mara nne kwa wiki. Naogesha wagonjwa, nawageuza wasipate vidonda, nabadilisha mashuka, nalisha. Kazi naipenda. Ila kila nesi anapopita na kigari chake cha dawa, moyo unaniambia kwamba pale ndipo pangu.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikisoma komyuniti koleji, chuo cha umma cha miaka miwili, masomo mawili kila muhula, kwa sababu ya kazi na mtoto. Anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili nimepata B, mikrobiolojia A, takwimu B, saikolojia A. Historia na serikali ya Marekani bado. Nimefikisha krediti 41. Mwaka jana niliomba kuingia kwenye programu ya ADN, ile stashahada ya unesi ya miaka miwili, nikakosa kwa pointi mbili. Walisema nirudie HESI, mtihani wa kuombea nafasi ya unesi, nipandishe alama, kisha niombe tena mwaka huu. Nililia, Mama, sitakuficha. Nilikuwa nimeshanunua viatu vyeupe.

Kaka yangu yuko Maryland. Alipopata habari akanipigia simu, akasema, “Huo unesi wa komyuniti ni kama cheti tu. Nenda chuo kikuu uchukue BSN, shahada yenyewe ya unesi, uheshimike.” Akanitumia jina la chuo kikuu kimoja cha binafsi upande wa Dallas. Nikaomba, na baada ya siku nane jibu likaja. Nimepokelewa! Barua inasema naanza Agosti kama mwanafunzi wa maandalizi ya uuguzi, na wataangalia krediti zangu nikishathibitisha nafasi.

Tulikwenda siku yao ya wageni, mwendo wa saa nne kwa gari. Mama, kile chuo ni kizuri. Wana maabara yenye wanasesere wanaopumua na kufumba macho, kuna mmoja anajifungua kabisa. Ukutani wamebandika bango kwamba asilimia 96 ya wahitimu wao wanafaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, mara ya kwanza. Tulipewa mfuko na fulana, na binti yangu mpaka leo analala na ile fulana.

Ada ni dola 31,000 kwa mwaka. Watanipa msaada wa dola 9,000. Hapa komyuniti ada yangu haifiki dola 1,000 kwa muhula, na Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, inaimaliza. Yule dada wa udahili ananipigia kila baada ya siku mbili. Anasema mwisho wa mwezi huu lazima niwe nimelipa dola 500 za kushika nafasi, la sivyo anapewa mwingine.

Mume wangu anasema nibaki nilipo, eti wote mnavaa skrabu zilezile. Labda anaogopa gharama. Mama yangu mzazi nilimwambia siku ileile barua ilipofika, naye ameshawatangazia Chumbageni nzima kwamba bintiye ameingia chuo kikuu Marekani. Napokea salamu za pongezi kutoka kwa watu ambao siwakumbuki hata sura. Tukihamia huko itabidi pia nitafute mtu wa kulala na mtoto ninapoingia zamu, kwa sababu hapa kuna mama mmoja wa Bukavu, jirani yetu, ndiye anayenisaidia.

Swali langu ni moja. Nitajuaje kwamba hiki chuo ni kizuri kabla sijalipa? Na nikisubiri ADN halafu nikakosa tena, si nitakuwa nimepoteza mwaka wa pili?

Mimi Njia Panda,
Houston, Texas

Majibu

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa kile kilio cha mwaka jana. Pointi mbili zinauma kuliko ishirini. Nami nimeivaa sare hii miaka 26, kumi na miwili nyumbani na kumi na minne huku Marekani, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama mtu anayeijua njia unayotaka kupita.

Nikikuelewa vizuri, una mlango mmoja uliofunguka haraka, wa gharama kubwa na wa mbali. Una mwingine wa karibu na wa bei nafuu, ila uliufungiwa mara moja na unaogopa utafungiwa tena. Umeniomba nikusaidie kuupima huo uliofunguka. Nitajaribu. Lakini kuna mambo umeyaandika kwa kupita tu, na mimi ndiyo yaliyonisimamisha.

La kwanza ni hilo neno “maandalizi ya uuguzi”. Ichukue ile barua uisome tena taratibu, usiku ambao huna zamu. Vyuo vikuu vingi huku humpokea mwanafunzi chuoni kwanza, na baadaye ndipo anaomba kuingia kwenye programu yenyewe ya uuguzi, akishindana upya na wenzake kwa GPA, yaani wastani wa alama, na mtihani kama HESI au TEAS. Vipo vichache vinavyomhakikishia mtu kiti cha uuguzi tangu siku ya kwanza, na vikifanya hivyo huandika waziwazi. Barua yako, kwa jinsi ulivyoinukuu, haisemi hivyo. Inawezekana umepokelewa chuo kikuu, na uuguzi bado. Ukihama nyumba, ukaacha kazi, ukakopa, halafu ukakutana na foleni ileile uliyoikimbia Houston, utajisikiaje? Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hilo ulijue kabla ya dola 500.

Usimuulize yule dada wa udahili. Si mtu mbaya, ila kazi yake ni kujaza viti, na hicho cha uuguzi hana mamlaka nacho. Piga simu idara ya uuguzi moja kwa moja, kisha maswali yako yatume kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi. Je, nina kiti cha uuguzi au nitaomba tena? Mwaka jana wangapi walikuwa maandalizi, na wangapi kati yao walivuka? Anayekosa anakwenda wapi? Utajifunza mengi kwa namna watakavyokujibu. Idara inayojiamini hutaja namba. Ukiona unarudishiwa picha za wanasesere, shika hilo nalo.

Sasa turudi kwa kaka yako. Maneno yake yanatoka kwenye upendo, lakini amekuja huku na macho ya nyumbani. Kwetu tumezoea ngazi: mwenye cheti anaandikishwa daraja lake, wenye stashahada na shahada daraja jingine. Huku aliyemaliza ADN na aliyemaliza BSN wanakwenda kufanya mtihani mmoja. Kompyuta inawauliza maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, ndani ya saa tano, na haina habari nani ametoka chuo gani. Wakifaulu wote leseni inaandikwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Mgonjwa wako akishikwa na pumzi usiku, hataangalia ukutani umetundika nini.

Hata hivyo usiende kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu kuna upande ambao yuko sawa. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipendekeza asilimia 80 ya wauguzi wawe na BSN ifikapo 2020, na tangu hapo hospitali kubwa za mijini zimekuwa zikiwapendelea wenye BSN wakati wa kuajiri. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wauguzi wapya wawe wamepata BSN ndani ya miaka kumi tangu wapewe leseni. Ukitaka kuwa mkuu wa wodi, kufundisha, au kusonga mpaka uzamili, utaihitaji. Kwa hiyo BSN ni kitu chema. Kinachobaki ni wakati gani uichukue na kwa mlango upi, maana wengi huanza na ADN, wakapata kazi, kisha wakamalizia BSN kwa mtandao huku wanalipwa mshahara wa RN, na waajiri kadhaa huchangia ada. Hatari ya njia hiyo nimeiona kwa macho. Mtu anasema nitamalizia mwakani, mwakani inazaa mwakani, mtoto wa pili anakuja, ovataimu inanoga, na miaka minane baadaye bado anasema mwakani. Wewe unajijua. Mtu aliyesoma mikrobiolojia kwa kutoka zamu ya usiku akapata A, ana jambo ndani yake. Lakini uchovu nao upo.

Tuje kwenye bango la asilimia 96. Inaweza kuwa namba ya kweli kabisa na bado isikuambie unachotaka kujua. Fikiria wameingia wanafunzi 50. Nusu wakaangushwa au wakaacha njiani. Waliobaki 25 wakaufanya mtihani, wakafaulu 24. Hiyo ni asilimia 96, na bango halijasema uongo. Lakini wewe ukiingia utakuwa mmoja wa wale 50, hakuna aliyekuahidi kuwa mmoja wa 25. Kwa hiyo uliza walioingia wangapi, waliomaliza kwa wakati wangapi, na waliopotea walipotelea somo gani. Kwa upande wa mtihani wenyewe huna haja ya bango. Bodi ya Wauguzi ya Texas inachapisha matokeo ya kila programu jimboni, mwaka kwa mwaka, na idadi ya waliofanya. Kiwango chao ni asilimia 80 ya kufaulu mara ya kwanza. Programu ikishuka chini yake lazima ijieleze, ikiendelea kushuka inapewa onyo, na ikizidi inaweza kuzuiwa kupokea wanafunzi wapya. Angalia miaka mitano mfululizo, si mmoja. Ulinganishe pia na nchi nzima: mwaka 2022 waliosomea Marekani walifaulu mara ya kwanza kwa asilimia 80 hivi, na mwaka 2023, mtihani ulipobadilishwa muundo, ikapanda hadi karibu 89. Programu inayokwenda juu na chini kama bahari ya kusi ina jambo la kueleza. Na ukiwa hapohapo, itafute komyuniti yako pia. Nina hisia hukuwahi kuiangalia, kwa sababu hakuna aliyeibandika ukutani.

Kwenye ukurasa huohuo hakikisha programu ina idhini kamili ya bodi. Kisha tafuta ithibati ya kitaifa, ambayo ni kitu kingine. Kwa uuguzi mashirika ya ithibati utakayoyakuta zaidi ni CCNE na ACEN. Bila idhini ya bodi hukai kwenye NCLEX. Bila ithibati leseni unaweza kuipata, lakini hospitali za maveterani na shule nyingi za uzamili zitakufungia mlango. Usione natia chumvi. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa kuuza vyeti na rekodi bandia za uuguzi zaidi ya 7,600 kutoka shule za Florida. Chuo ulichokwenda kina maabara na wanafunzi, sikilinganishi na wale. Ila dakika kumi za kutafuta jina lake kwenye orodha hazikupunguzii kitu.

Kuna jambo moja ambalo siku ya wageni haliwezi kukuonyesha, nalo kwangu lina uzito kuliko maabara. Ni wodi. Hospitali niliyofanya kazi miaka ya nyuma tulikuwa tunapokea wanafunzi wa shule mbili. Mkufunzi wa shule moja alikuwa mama mfupi wa miwani. Namkumbuka asubuhi moja, kijana wake anachoma sindano ya kwanza ya insulini, mkono unamtetemeka. Yule mama hakumnyang'anya. Alisogea tu bega kwa bega, akaweka kidole kwenye tumbo la mgonjwa kuonyesha mahali, akanong'ona, “Pumua kwanza wewe.” Kijana akapumua, mgonjwa naye akacheka. Mkufunzi wa shule ya pili alikuwa anakaa kaunta na simu yake, na wanafunzi wake wanane wanazunguka korido kumuuliza kila apitaye kama kuna cha kufanya. Mwisho wa siku walikuwa wametandika vitanda. Shule zote mbili zilikuwa na mabango mazuri.

Kwa hiyo uliza chuo hicho kinapeleka wanafunzi hospitali zipi, na kama nafasi hizo zina mkataba au zinatafutwa kila muhula. Uliza masaa mangapi ni ya wodini na mangapi ya wanasesere, mkufunzi mmoja anabeba wanafunzi wangapi, na kliniki, yaani mafunzo ya wodini, zinaanza saa ngapi na umbali gani. Kliniki ya saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mwendo wa saa moja kwa gari, kwa mtu mwenye mtoto wa miaka mitano, ni swali la nyumbani kama lilivyo la shule. Halafu tafuta wauguzi wa hospitali hizo uwaulize kimyakimya, wanafunzi wa chuo fulani mnawaonaje? Wauguzi hawafichi. Wewe tayari uko kwenye kazi hii, mtu wa kumuuliza hutamkosa.

Krediti zako 41 nazo zinanitia wasiwasi. Wamekuambia wataziangalia ukishathibitisha, yaani ulipe kwanza ndipo ujue mali yako ina thamani gani. Omba wazipime sasa, somo kwa somo, kwa maandishi. Na usiridhike na neno “tumezipokea”. Krediti inaweza kupokelewa ikawekwa kwenye kapu la masomo ya hiari, ikawa haikusogezi hatua hata moja. Unachotaka kusikia ni kwamba anatomia yako inasimama badala ya anatomia yao, na kwamba B inatosha. Uliza pia umri wa masomo ya sayansi, kwa sababu programu nyingi hazikubali yaliyozidi miaka mitano au saba, na yako ya mwanzo sasa ina miaka mitatu.

Hapa Texas vyuo vya umma vinabanwa na sheria. Kuna kifurushi cha masomo ya msingi cha krediti 42, ukikimaliza chote kwenye komyuniti, chuo kikuu chochote cha umma jimboni lazima kikipokee kizima. Cha binafsi hakibanwi. Hizo 41 zako si zilezile 42, kwa sababu kadhaa ni za sayansi ya uuguzi, na historia na serikali ulizosema bado ndizo krediti 12 za kifurushi hicho. Ndiyo maana nilipoyasoma yale maneno nikajiuliza kwa nini milango kwenye barua yako ni miwili tu. Hapohapo Houston, kwenye eneo la Texas Medical Center, Texas Woman's University na Shule ya Uuguzi ya Cizik ya UTHealth, zote za umma, zinapokea wanafunzi wa BSN waliomaliza masomo ya awali kwingine. Ushindani wao ni mkali, sikufichi, na huenda nako ukakosa. Lakini hukuandika hata mstari mmoja kwamba umeuliza.

Fedha. Tuchukue namba zako mwenyewe. Ada 31,000, toa msaada wao 9,000, toa Pell ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–2026 kiwango chake cha juu ni 7,395, tukichukulia unapewa yote. Inabaki dola 14,605 kila mwaka, kabla ya kodi ya nyumba, vitabu na skrabu. Kwa krediti zako huenda wakakuhesabu mwaka wa pili, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejitegemea hukopeshwa na serikali kuu mwisho 10,500. Pengo la dola 4,105 litatoka wapi? Kama jibu ni mkopo wa benki binafsi, uliza riba kabla hujatia sahihi, na uliza msaada wa 9,000 ni wa kila mwaka au wa mwaka wa kwanza pekee, na GPA ikishuka unafutwa au la. Miaka mitatu ya pengo la 14,605 ni karibu dola 44,000. RN anaweza kuzilipa, wapo wanaolipa. Lakini wapo walioishia na deni bila leseni, na hao ndio ninaowalilia. Pell yenyewe ina kikomo cha mihula 12 ya kusoma kamili maishani. Wewe umesoma nusu nusu kwa hiyo hujamaliza nyingi, ila ukirudia masomo kwa sababu krediti hazikuhama, ni hiyo unayoitafuna.

Mume wako umesema “labda” anaogopa gharama. Hilo “labda” limenigusa. Je, mmekaa mkaongea, au mmerushiana maneno kwenye simu yeye akiwa barabarani? Mtu anayelala ndani ya lori siku ishirini na tano kwa mwezi pengine ana hofu nyingine, ya binti yake kulala na mtu asiyemjua katika mji asioujua. Muulize. Huenda ni pesa kweli. Lakini msikie mwenyewe akisema.

Na yule mama wa Bukavu. Umemweka mwishoni kabisa, kwenye sentensi moja, kama mtu anayetaja funguo za nyumba. Mwanangu, krediti 41 hizo, usiku ngapi ni za kwake? Programu ya uuguzi, iwe ADN au BSN, itakutaka mchana kwa kliniki, usiku kwa kusoma, na bado utahitaji zamu za kulipia maisha. Nimeona wanafunzi wenye akili sana wakianguka, si kwa sababu hawakujua dawa, bali mtoto aliugua wiki ya mtihani na hakukuwa na mtu. Sisemi usihame kwa ajili ya jirani. Watu wanahama, na Dallas nako Waswahili wapo, misikiti na makanisa yapo, mtu mwema anaweza kupatikana. Ila mtafute kabla ya Agosti, na umweke kwenye hesabu kama ulivyoiweka ada.

Kuhusu mwaka wa pili kupotea, hofu yako naielewa, na siwezi kukuahidi kwamba komyuniti watakuchukua. Pointi mbili zilikosekana mara moja, zinaweza kukosekana tena. Lakini jiulize kama mwaka huu ungekuwa mtupu kweli. Ndani yake kuna HESI ya kurudia, historia, serikali, na hakuna sheria inayokulazimisha kuomba mahali pamoja tu. Mwaka unaopita ukiwa umekaa unasubiri simu ni tofauti na mwaka unaopita ukiwa na maombi manne mezani. Upande wa pili, wapo wanaosubiri kwa sababu kusubiri ni rahisi kuliko kuhama, wakajiita wavumilivu. Kama ukichunguza ukakuta chuo hicho kina kiti cha kweli, krediti zinahama, wodi ni nzuri, na hesabu inafungamana, basi umbali wa saa nne usiwe kisingizio.

Zile dola 500 uliza kama zinarudi ukighairi, na mpaka tarehe gani. Kisha omba wiki mbili zaidi, kwa maandishi, ukisema wazi kwamba unasubiri krediti zako zipimwe. Vyuo huongeza muda mara nyingi kuliko wanavyosema kwenye simu.

Nimemwacha mama yako wa Chumbageni mwisho kwa sababu huyo ndiye anayenipa uzito. Ile furaha yake si kosa. Lakini nasikia kwenye barua yako kwamba hizo pongezi zimeanza kukusukuma kuliko yule dada wa udahili. Mpigie. Usimwambie umeghairi, kwa sababu hujaghairi. Mwambie, “Mama, nimepokelewa, na sasa nawakagua wao kama walivyonikagua mimi.” Mzazi aliyewahi kumwozesha binti anaelewa vizuri sana maana ya kuuliza ukoo kabla ya kupokea mahari. Akiwa na jambo la kujibu majirani, hutakuwa na haja ya kwenda Dallas ili yeye asiaibike, wala ya kubaki Houston kwa kukaidi.

Ile simu ya idara ya uuguzi ipige kesho ukishalala kidogo, usipige ukiwa umetoka zamu na macho mekundu. Ukipata majibu yao niandikie, hata yakiwa nusu, nami nitakaa nayo pamoja nawe. Viatu vyeupe usivigawe. Na mama wa Bukavu umsalimie sana, umwambie kuna mtu amemsoma kwenye barua akampenda.